Nyaya Nne za Bonifasi

Sajini Anjelina Nandonde hakuitwa Newala kwa sababu mtu kauawa. Aliitwa kwa sababu wakubwa walikosa mpira.

Ndivyo ilivyokuwa, na atakayebisha basi naye alikuwa miongoni mwa wakubwa hao. Jumamosi ya mwisho ya Februari, mwaka tisini na nane, siku ya fainali ya Kombe la Afrika, watu wazima wenye vyeo walijazana sebuleni kwa Halfani, mnunuzi wa korosho, wakiwa wameshinda na njaa kwa makusudi ili wapate pa kuweka pilau. Halfani akawasha televisheni: chenga tupu. Akabonyeza kisanduku kinachogeuza dishi, huko nje kukatoka mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, kisha moshi. Mpira ukachezwa huko ulikochezwa. Wao walitazama chenga mpaka pilau ikaisha, ndipo wakakumbuka kukasirika.

Jumapili asubuhi, fundi aliyelifunga dishi hilo, Bonifasi Mchopa, mtu wa Lupaso, alikamatwa akitoka kanisani, kitabu cha nyimbo bado kwapani. Halfani alimshitaki kwamba aliiba mota mpya na kufunga mbovu. Hakuna aliyepanda kuitazama hiyo mota. Mkuu wa kituo mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokula pilau, akaona ushahidi umetosha.

Mpelelezi wa Newala alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo Masasi ikaombwa itoe mtu. Ikamtoa Anjelina. Alifika Jumatano saa mbili asubuhi, kachafuka matope mpaka magotini, maana gari lilikwama mara mbili mlimani na abiria wakalisukuma, polisi na raia bila ubaguzi. Mkuu wa kituo akamwambia kazi ni ndogo: achukue maelezo, aweke sahihi, kesho Alhamisi mtuhumiwa ateremshwe Masasi mahakamani na kutoka hapo rumande. Anjelina alizijua rumande. Mtu huingia kwa kuku akatoka baada ya mwaka, na kuku alikwishapatikana siku ya pili.

"Mota imepekuliwa?" aliuliza.

"Imeungua. Utapekua nini?"

Anjelina akaomba funguo za mahabusu.

Alimkuta Bonifasi anakula. Ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kutwanga, tena kingi, kwenye bakuli lenye kifuniko. Anjelina alisimama kwanza akalitazama lile bakuli. Mahabusu mtu hula akiwa na ndugu wa kumletea, na Lupaso si jirani.

Alimuuliza nani anamlisha. Bonifasi akasema hata yeye hajui. Jumapili alileta mama mnene, Jumatatu mwanamke mwenye mimba, jana bibi kizee, leo mwingine tena. Wote husema kwa mlinzi, chakula cha fundi, wakaondoka bila kumtazama usoni. Yeye Newala hii alikuwa na mteja mmoja tu, na mteja mwenyewe ndiye kamfunga.

Anjelina akaliandika hilo kwenye daftari. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa na kumwambia amweleze kazi aliyoifanya, waya kwa waya.

"Wewe unajua umeme, afande?"

"Najua kuwasha taa na kuzima."

Bonifasi alinawa mikono, akachomoa njiti nne za kiberiti na kuzipanga sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili mtu alimuuliza kuhusu kazi yake, na sauti yake ikanyooka.

"Kisanduku kinakaa ndani, karibu na televisheni. Mota inakaa nje, kwenye mkono unaosukuma dishi. Kati yao zinakwenda nyaya nne. Hizi mbili nene zinabeba nguvu. Ukizigeuza, ukiagiza mashariki dishi linakwenda magharibi, basi, hakuna kinachoharibika. Hizi mbili nyembamba hazibebi nguvu. Zinahesabu. Mota ikizunguka kidogo, kisanduku kinahesabu moja. Ikirudi kinapunguza moja. Hivyo ndivyo kinavyojua dishi liko wapi. Hakilioni, afande. Kinahesabu tu."

"Na mtu akiligeuza dishi kisanduku kikiwa kimezimwa?"

Bonifasi akanyanyua kichwa. "Kisanduku hakitajua. Kitaendelea kuamini liko pale pale. Lakini kwa mkono haligeuki, mkono wa mota umelishika. Labda uitie mota moto wa betri moja kwa moja. Mimi mwenyewe niliijaribu hivyo chini uani kabla ya kupanda, kwa betri ya gari."

"Wakati unaijaribu, nani alikuwepo?"

Halfani alikuwapo dakika tano, akasema jua kali, akaingia ndani. Waliobaki walikuwa watu wa nyumbani na majirani, wote wanawake, na mmoja wao alimuuliza maswali mengi kuliko mwenye mali. Kwa nini anaziweka nyembamba mbali na nene; kwa nini anachimba mtaro na kupitisha waya kwenye bomba la plastiki; kwa nini anatoboa matundu matano katikati ya dishi jipya. Akamjibu kwamba dishi lile si la wavu, ni bati zima, pana kama kitanda cha watu wanne, na likitazama juu bila matundu mvua italigeuza sufuria.

Anjelina alimwuliza juu ya mota. Bonifasi hakupandisha sauti. Alisema daftari lake limo kwenye mkoba wa vifaa waliomnyang'anya. Kila kifaa anachokifungua kwenye boksi hukinakili namba. Na kwenye karatasi aliyoibandika chini ya kisanduku aliandika mahali pa kila stesheni. Ile ya mpira iko mia mbili na kumi na nne, na hapo dishi huinama magharibi kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Halafu akaongeza, taratibu, kwamba akipelekwa Masasi kesho hakuna haja ya kumpa hakimu taabu. Fundi akishaitwa mwizi hata akitoka hakuna atakayemfungulia mlango wa sebule yake. Atakwenda kupalilia mikorosho ya mjomba wake mpaka afe.

Anjelina akachukua zile njiti nne, akazitia mfukoni.

*

Nyumba ya Halfani ilionekana kwa mbali, bati jipya likiwaka. Zamani alikuwa karani wa ghala, mwembamba, mwenye kalamu sikioni. Soko huria lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia, yeye alikuwa tayari amesimama mlangoni na mizani yake, na tangu hapo hakukonda tena. Paa lote lilizungukwa na mifereji ya kukinga maji, mifereji inaingia kwenye kisima kikubwa kilichojengwa chini ya ua, na mdomo wa kisima una mfuniko wa chuma na kufuli. Watu wa uwanda huu wa juu maji yao yako mawinguni au bondeni, katikati hakuna kitu, hivyo mwenye bati ni mfalme na mwenye nyasi ni punda wa kushuka bonde. Lakini Anjelina hakuwahi kuona kufuli kubwa kiasi kile kisimani. Ghala la korosho pale pembeni lilikuwa na kufuli dogo zaidi.

Alimwamkia shikamoo kwa kuwa umri ni umri. Halfani akaitika marahaba akiwa anatazama mlango, akitafuta polisi wa kiume aliyechelewa nyuma. Alipoelewa kwamba huyu ndiye, akaanza kumpa maelezo tayari yamepangwa, kama mtu anayemsomea mtoto imla. Anjelina akamwomba boksi la mota.

Boksi lilikuwa kwenye banda la nyuma, na kuku amelala humo. Halfani alisema kuku huyo ni mkali. Anjelina alikulia kijijini, Nanganga, akamwinua kuku kwa mabawa akamweka pembeni, akapindua boksi, akafuta kinyesi, akasoma namba. Akaisoma tena kwenye daftari la Bonifasi. Kisha akaomba ngazi, akapanda mpaka kwenye mota iliyoungua, akakwangua masizi kwa ukucha. Namba ileile, herufi kwa herufi.

"Mota yako ni ileile iliyotoka dukani, mzee. Haikubadilishwa. Mtu kalala mahabusu siku nne kwa namba iliyokuwa chini ya kuku wako."

Halfani hakuona haya hata kidogo. Alisema kama hakuiba, basi alifunga vibaya. Na kama hakufunga vibaya, basi Awadhi wa banda la video kamhonga aharibu, maana tangu dishi lije wateja wa Awadhi wamepungua. Awadhi ana betri, ana nyaya, ana wivu. Anjelina aliandika yote. Alikwishaona kwamba mzee huyu mashitaka anayo mengi na mtu wa kushitakiwa ndiye anayemtafuta.

Lakini hakuteremka ngazini. Kule juu alikuwa ameona vitu.

Cha kwanza, dishi halikuinama magharibi kama mtu anayesikiliza mlangoni. Lilitazama juu mbinguni, limelala kidogo mashariki. Alimwomba Halfani awashe kisanduku na kumsomea namba. Halfani akasoma dirishani: mia mbili na kumi na nne. Kisanduku kiliapa dishi liko magharibi, na dishi liko mashariki. Basi aliyelihamisha hakutumia kisanduku.

Cha pili, zile nyaya. Mbili nyembamba zilikuwa zimefungwa tepi nzuri, safi, ya fundi anayejipenda. Mbili nene zilikuwa zimemenywa tepi, shaba ikatoka nje, na juu ya shaba kulikuwa na alama za meno, vijimeno vidogo vilivyopangana, mara nyingi, safu juu ya safu. Hapo palibanwa kitu, pakabanduliwa, pakabanwa tena wiki baada ya wiki.

Cha tatu kilimfanya akunje mkono wa shati. Ndani ya dishi mlikuwa na maji. Aliingiza mkono yakamfikia karibu na kiwiko, maji ya mvua, na wadudu wawili wakielea. Akapapasa chini katikati akayapata yale matundu matano. Kila tundu limezibwa kwa kizibo cha duara cha mpira wa ndala, rangi ya bluu, kimekatwa kwa mkono wenye subira.

Akatazama chini, upande wa mashariki. Kwenye udongo palikuwa na alama tatu za duara, kubwa, kama matako ya mapipa. Na kandokando ya alama hizo, vijitawi vya majani vimetupwa, vingine vikavu, vingine vya siku chache tu.

Mwanamume angevipita vijitawi vile mwaka mzima. Anjelina alivitazama akahisi kisogo kinamuuma. Kila aliyewahi kubeba ndoo kichwani anajua: unaweka kitawi chenye majani juu ya maji, yasirukeruke, yasikumwagikie mgongoni njia nzima. Ukifika, unakitupa. Lakini hapa vilitupwa mahali pa kuchotea, kama wanawake wengi walikuwa wakijaza kwa haraka, wakichagua tawi zuri na kuacha baya.

"Umeona nini huko?" Halfani aliuliza.

"Nimeona mota yako iliombwa kubeba mapipa mawili ya maji," alisema Anjelina. "Hata mimi ningetoa moshi."

*

Awadhi alikuwa anafagia banda lake la video. Hakukataa chochote. Alisema kweli, dishi la Halfani likifa yeye anakula vizuri, na alimwomba Mungu life, lakini kuomba si kosa la jinai. Halafu akamwuliza sajini kama ameambiwa kwamba Jumamosi ile yeye Awadhi alifunga banda lake na kwenda kukaa sebuleni kwa Halfani, akala pilau sahani mbili. Angeliharibu dishi aliloliendea mwenyewe?

Anjelina alitaka kuona betri yake. Vichwa vyake vilikazwa kwa nati, hapakuwa na vibanio. Akauliza vibanio vya kuchajia viko wapi.

"Vile vya meno? Aliviazima kwangu Mama Lukmani, mke wa Halfani, tangu Desemba. Alisema betri ya lori la mumewe imekufa."

Anjelina akauliza Desemba hiyo lori lilikuwa wapi. Awadhi akasimamisha ufagio. Lori lilikuwa Mtwara na korosho mwezi mzima, Newala yote ilijua. Akatabasamu kidogo, kisha akaacha, akasema yeye ni mwuza video tu, na mama yule ni mtu mwema, naye vibanio hana haraka navyo.

Akirudi, Anjelina alizipitia nyumba sita za nyasi zilizoizunguka nyumba ya bati. Aliuliza kila mlango nani amekuwa akichota maji kwa Halfani. Hakuna aliyeona kitu. Mama mnene alikuwa na kizunguzungu mwezi wote. Mwanamke mwenye mimba analala mapema. Bibi kizee alisema macho yake yana mtoto wa jicho, huku akitunga uzi kwenye sindano. Na katika nyumba zote sita za nyasi, zisizo na hata kipande cha bati cha kukinga tone, mitungi ilikuwa imejaa pomoni.

Siri ya mwanamke mmoja huvuja. Siri ya wanawake wa mtaa mzima inashika maji kuliko kisima cha saruji.

*

Ziada, Mama Lukmani, alikuwa jikoni anapepeta mchele. Mwanamke wa makamo aliyemzidi Anjelina kwa miaka kumi na tano, mrefu, mtulivu. Alikuwa amevaa ndala za bluu. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia kisigino chake kilikuwa na matundu matano, mviringo, kama imeliwa na panya mwenye bikari.

"Shikamoo, Mama Lukmani."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nilikungoja tangu uliposhuka ngazi." Alimsogezea kigoda. "Unavitazama viatu vyangu. Sina vingine."

Anjelina hakumuuliza kama ni yeye. Alimwuliza kwa nini, na mama akaweka ungo chini akaeleza.

Msimu wa mvua Halfani hukifunga kisima. Hataki kiguswe mpaka kijae, ili kiangazi aje awauzie majirani ndoo kwa ndoo, wale wale ambao mvua inawanyeshea bure na kupita kwenye nyasi zao. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa anampimia mkewe ndoo mbili kwa siku, za kupika, kuoga na kufulia kanzu zake yeye. Zikiisha, shuka bondeni, na bonde la Newala kushuka ni saa nzima, kupanda usiseme. Novemba yule mwanamke mwenye mimba aliteleza na ndoo kwenye mteremko, akakaa chini kwenye matope dakika nyingi akishika tumbo, akiogopa kusimama. Wiki hiyohiyo dishi likaletwa. Halfani alikuwa na uwezo wa kununua bakuli la bati pana kama ukumbi, la kutazamia watu wanaokimbiza mpira ng'ambo, na uwezo wa kuongeza mfereji mmoja kwa jirani hakuwa nao.

"Yule kijana alinieleza vizuri," Ziada alisema. "Nene zina nguvu, nyembamba zinahesabu. Nikasema nyembamba nisiziguse. Mvua ikija, mume wangu yuko ghalani, nabana betri ya akiba ya lori kwenye zile nene, dishi linatazama juu, linajaa. Nikigeuza vibanio linalala mashariki, linamwaga kwenye mapipa. Kila nyumba ndoo nne. Nikimaliza nalirudisha kwa kukisia. Yeye alikuwa analalamika picha inapotea siku za mvua, nami namwambia ndivyo mvua ilivyo."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi mvua ilikuja alasiri, nyingi. Limejaa hadi ukingoni, naanza kulilaza, mara naitwa: wageni wamewahi, pilau. Nikabandua vibanio, nikaliacha na maji yake, nikakimbilia jikoni. Nilipikia watu ishirini na mbili. Kila nilipotaka kutoka naitwa, chai, ndizi, maji ya kunawa, tena maji ya kisima siku hiyo kufuli lilifunguka. Nikasikia mota inalia. Nilikuwa nimeshika mwiko."

Akauvuta ungo karibu. Kisha akasema kwamba alidhani fundi atatoka Jumatatu. Kila siku walimpikia kwa zamu, kama mgonjwa wao. Hakujua wanampeleka Masasi.

"Kesho asubuhi," alisema Anjelina. "Mimi naweza kuandika kwamba mota iliungua kwa uzito wa maji. Watauliza nani aliyaweka. Sitalitaja jina lako mpaka uniambie nilitaje."

Ziada alijifunga kanga vizuri, akavaa zile ndala.

"Usilitaje. Nina mdomo."

*

Kituoni Halfani alikuwa amekwishafika, na mkuu wa kituo kamwekea kiti. Anjelina akaweka mezani boksi lenye manyoya ya kuku, daftari la Bonifasi, vizibo vitano alivyovichomoa dishini na vibanio vya meno ambavyo Ziada alivitoa chini ya gunia la unga. Akaeleza kwa mpangilio: namba, nyaya, matundu, maji. Akazipanga zile njiti nne mezani, akaonyesha mbili zilizoguswa na mbili ambazo hazikuguswa. Mkuu wa kituo alifuatisha mpaka njiti ya tatu, ya nne akaipa heshima tu.

Ndipo Ziada akasema ni yeye, akasimulia tena, kwa sauti ileile aliyotumia jikoni.

Halfani alimsikiliza akiwa amefumbua kinywa. Hakuuliza habari ya fundi. Alimwambia mkuu wa kituo amwandikie huyu sasa, wizi na uharibifu, na akimaliza kuandikiwa asirudi nyumbani kwake.

"Nyumbani kwako wapi, Baba Lukmani?" Ziada aliuliza. "Kiwanja ni cha mama yangu na bibi yangu mzaa mama. Wewe ulikuja kuoa kwetu na sanduku moja la bati. Kisima umechimba kwenye ardhi ya ukoo wangu, maji yanatoka kwa Mungu. Katika vyote hivyo, cha kwako ni kufuli."

Mlinzi wa mlangoni alikohoa, akageukia ukuta. Kwa Wamakonde ardhi hufuata ukoo wa mama, hilo halina ubishi, na Halfani alilijua kuliko wote. Wajomba wa Ziada walikuwa hai, wanne, na hawakuwa watu wa kucheka.

Anjelina akafungua ukurasa mpya, akachovya hasira yake yote katika adabu. "Mzee, kama unashitaki, nitaandika. Mlalamikaji, Halfani. Mshitakiwa, mkewe. Kosa, amekinga mvua nyumbani kwao. Mashahidi, nyumba sita. Wako hapo nje. Nikusomee, utie sahihi?"

Mkuu wa kituo alichungulia dirishani. Walikuwa pale kweli, mama mnene, mwenye mimba, bibi kizee na wenzao, wamesimama na ndoo tupu, wametulia kama foleni ya zahanati. Halfani akaangalia kalamu. Hakuipokea.

Hapo mambo yangekwisha kama mkuu wa kituo asingekuwa mkuu wa kituo. Alivuta kitabu chake, akaandika, akaagiza mahabusu ifunguliwe na fundi aje achukue mkoba wake. Bonifasi akaja mpaka mezani. Kabla ya kuweka sahihi akaomba asome. Palikuwa pameandikwa: Ameonywa na kuachiwa.

Alisoma mara mbili. Akauweka mkoba chini, akageuka, akarudi mahabusu kwa miguu yake, akakaa sakafuni. Mlango ulikuwa wazi.

Mkuu wa kituo alimfuata, akamwambia yuko huru, aende. Bonifasi akajibu kwa adabu kwamba ameelewa, ila ataonywa kwa lipi? Nyaya alizifunga sawa. Matundu aliyatoboa. Mota ni ileile. Kama lipo onyo, wamwambie kosa ajifunze, ama wampeleke Masasi kesho kama ilivyopangwa, hakimu amwambie. Nyumba atakayokwenda kuomba kazi wataambiwa alionywa na polisi, na fundi aliyeonywa hukaribishwa uani, akapewa kigoda, asikaribishwe sebuleni.

Mkuu wa kituo akasema hilo ni neno tu la kawaida, wote huandikiwa hivyo. Akamgeukia Anjelina apate msaada wa kiaskari.

"Afande," Anjelina alisema, "mimi niliitwa kupeleleza. Nimepeleleza. Onyo hilo halimo katika upelelezi wangu, na ripoti yangu inakwenda Masasi na gari la kesho."

Saa nzima ilipita. Askari wawili walirudi kutoka doria, wakaikuta mahabusu mlango wazi na mtu ndani, wakauliza kama huo ndio utaratibu mpya. Wale wanawake hawakuondoka. Bibi kizee alikalia ndoo yake. Halfani aliaga akidai ana mgeni wa korosho, akapita katikati yao akitazama kiatu chake. Hakuna aliyempisha upesi.

Hatimaye mkuu wa kituo akakaa mezani, akafuta maneno yale kwa mistari mingi kuliko ilivyohitajika, akaandika mengine juu yake. Akakipeleka kitabu mpaka mlangoni mwa mahabusu, akamwonyesha.

Bonifasi hakukipokea.

"Nisomee, afande."

Mkuu wa kituo akalamba midomo. "Hakuwa na kosa. Ameachiwa."

"Kwa sauti," Bonifasi alisema. "Wa nje hawajasikia."

Wa nje wakasogea dirishani, ndoo zikagongana. Mkuu wa kituo akarekebisha kofia yake, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma tena, na safari hii akaanza na jina lote: Bonifasi Mchopa, fundi, wa Lupaso.